Kuunda Vespa ya mbio kwa pesa kidogo

Skuta nyingi za mbio zinazoundwa kwa pesa ya kuungaunga hufa kifo kimoja. Injini inavuta hewa mahali pasipotakiwa, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, pistoni inapata moto na kunoki, yaani kukwama ndani ya silinda. Mwenyewe analaumu silinda, ananunua nyingine, nayo inanoki wiki ya pili. Hewa hiyo ya wizi ndiyo adui mkuu wa mwenye mfuko mwembamba, kwa hiyo humu sili na gasketi zitachukua nafasi kubwa kuliko silinda za kifahari.

Tumechagua Vespa ya familia ya PX, yaani P125X, P150X na ndugu zake waliofuata. Piaggio walianza kuitoa mwaka 1977 na wakaiunda kwa miongo kadhaa. Kule Kanpur, India, kiwanda cha LML nacho kiliunda skuta za ukoo huohuo, ndiyo maana spea zake hazijawa adimu wala ghali. Injini ni ya mipigo miwili, inapozwa kwa feni iliyo kwenye flaiwili (gurudumu zito la sumaku mwishoni mwa krenki), ina gia nne za mkononi, na inafunguka yote kwa spana za kawaida pamoja na vifaa viwili maalumu. Kwenye kiwanja cha magari madogo ya karting, tairi zake za inchi 10 hazimwaibishi mtu.

Kukagua kabla ya kulipa

Vespa haina fremu ya mabomba. Bodi yenyewe ndiyo chesi, kwa hiyo kutu ya sakafuni si suala la sura. Ng'oa mkeka, chukua bisibisi butu, gonga na kusukuma kandokando ya pedali ya breki na pale sakafu inapokutana na mgongo wa katikati. Bisibisi ikizama, bei ishuke sana au uondoke. Tembea na sumaku ndogo. Pasiponasa pamejazwa puti.

Kwenye injini, shika flaiwili kwa mikono miwili uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi kuu zimekwisha. Hilo linatibika, na vyovyote vile utazibadilisha. Jeraha lisilotibika kwa pesa ndogo liko mahali ambapo wanunuzi wengi hawatazami. Toa kabureta na boksi lake, kisha mulika kwa tochi tundu la kuingizia mchanganyiko. Katika PX mduara wa krenki ndiyo valvu: unazunguka ukikaribia kugusa uso laini wa aluminiamu, unafungua na kufunga njia. Chembe ya chuma au mchanga ikipita hapo, huchimba mifereji. Pitisha ukucha. Mikwaruzo midogo isiyonasa ukucha unaweza kuishi nayo. Ukucha ukinasa, valvu haifungi, injini itatema mchanganyiko kuelekea kwenye kabureta na nguvu haitapatikana hata ukifunga silinda gani. Kufufua uso huo kunataka kujaza kwa kulehemu na kuchonga upya kwenye mashine, gharama inayoweza kuzidi bei ya skuta nzima. Injini nyingi za LML hazina tatizo hili kwa sababu zinatumia valvu ya majani, yaani vibamba vyembamba vinavyofunguka kwa mvuto wa hewa, ila basi silinda zake nazo ni tofauti, usichanganye.

Silinda iliyokwaruzika, ekzosi iliyooza, waya zilizokatika, siti iliyochanika: hivyo vyote ni sababu za kupunguziwa bei, si za kukimbia. Na hata kama skuta haitarudi barabarani, dai hati ya mauziano yenye namba ya chesi.

Pesa igawanywe vipi

Ukiishanunua, bajeti iliyobaki igawe mafungu kumi. Matatu yaende kwenye beringi, sili na gasketi. Mawili tairi na tyubu mpya. Mawili breki na kebo zote. Mawili silinda na pistoni. Fungu moja la mwisho ni la jeti (vitundu vya kabureta vinavyopima petroli), plagi na oili. Watu huanza na silinda kwa sababu ndiyo inayosimuliwa kijiweni. Stika za pembeni nazo hazina fungu.

Vifaa viwili maalumu ni kivutio cha flaiwili chenye uzi wa M28×1, na soketi yenye meno manne ya nati ya klachi. Cha kwanza nunua au azima. Flaiwili haipigwi nyundo wala haibanduliwi kwa mtaimbo, itapinda na sumaku zinaweza kuachia. Cha pili fundi wa kulehemu anaweza kukichonga kutoka kipande cha bomba nene. Azima pia spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza. Silinda hedi ya PX 150 inabanwa kwa 13 hadi 18 Nm tu, na mkono uliozoea nati za lori utakata stadi.

Kushusha na kupasua injini

Injini inashikiliwa na bolti moja ndefu mbele na bolti ya shokapu nyuma. Kabla ya hapo toa kebo mbili za gia, ya klachi, ya breki ya nyuma, ya mafuta na ya choki, mpira wa petroli, na waya kwenye kiboksi chake. Funga kila kebo kitambaa cha rangi yake; kebo mbili za gia zikibadilishana utapandisha injini, uishushe tena.

Ukitenganisha nusu mbili za injini usiingize bisibisi katikati kuzibandua. Mkwaruzo mmoja kwenye uso wa aluminiamu ni mlango wa hewa ya wizi. Gonga kwa nyundo ya mbao au ya mpira, ukizunguka. Zikigoma, kuna nati umeisahau. Tazama tena kabla ya kuongeza nguvu.

Beringi mpya ziweke kwenye friza usiku kucha, na nusu ya injini ipashe moto polepole juu ya bamba la chuma kwenye jiko hadi tone la maji lichemke juu yake. Zitaingia karibu bila kupigwa. Peleka beringi za zamani dukani ulinganishe, maana moja ni ya gololi na nyingine ni ya roli. Sili ni tatu: ya upande wa flaiwili, ya upande wa klachi, na ya habu ya gurudumu la nyuma. Nunua zenye jina. Tofauti ya bei kati ya sili nzuri na sili ya gunia ni ya sahani ya chipsi, na tofauti ya matokeo ni injini nzima. Pakaa oili mdomo wa sili kabla ya krenki kupita, na meno ya krenki yafunike kwa mkanda wa plastiki yasiukate.

Wakati injini iko wazi, tazama msalaba wa gia, kile kipande chenye mikono minne kinachoteleza ndani ya shafti na kukamata gia. Ncha zake zikiwa zimeviringika, gia ya pili itaruka ukiwa katikati ya kona. Ni spea ndogo na rahisi. Usifunge injini na msalaba mzee halafu uje kujuta, kwa sababu kuufikia tena ni kupasua kila kitu upya.

Nati za kuunganisha nusu mbili zibanwe kwa 13 hadi 15 Nm, kwa mtindo wa msalaba. Gasketi ya karatasi inataka mafuta mepesi tu. Gundi ya silikoni ikizidi inakatika ndani na kwenda kuziba njia. Nati ya klachi 40 hadi 45 Nm na washa yake mpya ya kukunja, flaiwili 60 hadi 65 Nm.

Kupima kama injini inavuja

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na haigharimu karibu chochote. Unahitaji mashine ya zamani ya kupimia presha ya damu, ile ya kubana mpira kwa mkono yenye saa ya mshale. Saa yake inasoma hadi 300, na kiwango tunachotaka ni takriban 250. Hiyo ni sawa na psi 5 hivi, presha ndogo isiyoweza kung'oa sili.

Funga silinda, hedi na plagi kama kawaida. Tundu la ekzosi lizibe kwa kipande cha mpira wa tyubu kilichofungwa kwa klipu ya hozi, juu yake kizibo kigumu. Tundu la kabureta lifunike kwa bamba la chuma lenye mpira chini yake, libanwe kwa bolti za kabureta. Katika bamba hilo toboa tundu dogo na uchomelee kipande cha bomba jembamba. Hapo ndipo mpira wa mashine ya presha unaingia. Zungusha flaiwili hadi valvu ya krenki iwe wazi, hewa ishuke hadi ndani. Pampu mpaka 250, funga koki, tazama saa.

Mshale usishuke zaidi ya 50 kwa dakika tatu. Ukishuka haraka, chukua maji ya sabuni na brashi, pakaa vizibo vyako mwenyewe kwanza, kwa sababu mara nyingi ndivyo vinavyovuja. Kisha chini ya silinda, kwenye hedi, kwenye mstari wa kuungana kwa nusu mbili, na nyuma ya flaiwili. Povu dogo linalojaa na kupasuka, kama la mate ya mtoto, ndilo ulilokuwa unatafuta. Kama hakuna povu popote na mshale unaendelea kushuka, fungua kifuniko cha kujazia oili ya gia na upakae povu juu ya tundu. Likivimba, sili ya upande wa klachi imekwisha au imeingia upande.

Injini isiyopimwa itakuambia yenyewe baadaye, kwa lugha ya ghali. Sili ya flaiwili ikivuja, ukifunga mafuta resi haishuki, inabaki juu kama inanung'unika, na plagi inakuwa nyeupe. Sili ya klachi ikivuja, injini inakunywa oili ya gia: moshi mzito usioisha hata ikipata moto, na kila ukipima, oili imepungua.

Silinda: ya zamani au 177?

Silinda ya P150X ina kipenyo cha mm 57.8 na mwendo wa pistoni wa mm 57. Kama ina mikwaruzo midogo, fundi mwenye mashine anaweza kuipanua, kazi inayoitwa kuribo, na pistoni zinapatikana kwa hatua za 58.0, 58.2 na 58.4. Mpelekee fundi pistoni mpya mkononi, apime kwayo. Usimwambie saizi kwa mdomo. Nafasi kati ya pistoni na silinda ifuate kilichoandikwa kwenye boksi la pistoni. Mwisho wa ringi, ukiziingiza kwenye silinda bila pistoni, uache pengo la mm 0.2 hadi 0.35.

Njia ya pili ni seti ya cc 177: silinda ya chuma cha kusubu yenye kipenyo cha mm 63, inayoingia kwenye injini ya 125 au 150 bila kuchonga mdomo wa injini. Chapa ya DR ndiyo ya kawaida kwa wenye pesa ndogo. Ni tulivu na inasamehe makosa. Chapa ya Polini ya saizi hiyohiyo ina nguvu zaidi, ila njia zake za pembeni ni pana kuliko za injini, kwa hiyo ili uone faida inakubidi uchonge aluminiamu ya injini kufuata gasketi yake. Ushauri wetu: kama silinda ya 150 inaribika, anza nayo. Msimu mmoja wa kujifunza kona kwa injini inayomaliza kila mzunguko una faida kuliko nguvu ambazo bado hujui kuzitumia.

Ukiingiza pistoni, ziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi kabla ya kugusa klipu za pini. Klipu ikiruka ndani, unaanza upya. Klipu ni mpya kila mara, na mshale ulio juu ya pistoni utazame upande wa ekzosi.

Kisha pima nafasi kati ya ukingo wa pistoni na hedi. Chukua waya laini wa risasi wa kulehemea vifaa vya umeme, unene wa mm 2 hadi 3. Weka vipande viwili juu ya pistoni, kimoja kila upande, kwenye mstari wa pini ili pistoni isiegemee. Vishike kwa grisi. Funga hedi, zungusha flaiwili kwa mkono ipite juu mara moja, fungua, pima pembe iliyobanwa kwa kalipa. Lengo ni mm 1.2 hadi 1.5. Chini ya 1.0 pistoni inaweza kugonga hedi injini ikipata moto na mzunguko mkubwa. Ukikuta 2 au zaidi, kuna nguvu ya bure inakusubiri: mpe fundi kerezo hedi apunguze kiasi kilichozidi. Wengine hupunguza gasketi ya chini ya silinda. Kumbuka kwamba hapo unashusha pia milango ya silinda (matundu ya kupitishia gesi) na tabia ya injini inabadilika, wakati kukata hedi hakugusi milango. Kama unachohitaji ni kusawazisha tu hedi iliyopinda, kioo kinene na msasa namba 240 kisha 400, ukisugua kwa mtindo wa nane, vinatosha.

Taiming

PX 125 na 150 za umeme wa CDI (wa kielektroniki, usio na plati) zinachoma nyuzi 18 kabla ya pistoni kufika juu. Kwa silinda ya 177 baki kati ya 17 na 18. Ya 200 inatumia 23, na wako waliosikia namba hiyo wakaiweka kwenye 177. Tundu katikati ya pistoni ndilo jibu walilopata.

Alama za kiwandani usiziamini kwenye injini iliyokusanywa kutoka skuta tatu. Hedi ikiwa imetolewa, weka kalipa juu ya mdomo wa silinda, tafuta sehemu ya juu kabisa ya pistoni, kisha rudisha flaiwili kinyume na mwendo wake hadi pistoni ishuke mm 1.75. Hiyo ndiyo nyuzi 18 kwa krenki ya mwendo wa 57 na konrodi ya 105. Chora mstari mmoja kwenye flaiwili na mwingine unaoutazama kwenye injini. Ukiwasha, mulika kwa taa ya taiming, mistari ikutane. Flaiwili inazunguka kwa mwendo wa saa, kwa hiyo kuisogeza sahani ya stata (ile yenye koili nyuma ya flaiwili) upande huohuo kunachelewesha moto, na kinyume chake kunauwahisha. Mstari ukirukaruka, kagua ufunguo mdogo wa nusu mwezi wa flaiwili na mshiko wa koni yake.

Kabureta, jeti na hewa ya mahali

Kabureta ya SI 20/20 iliyokuja na skuta inatosha. Ilaze uso wake wa chini juu ya kioo chenye msasa uone kama umepinda. Nyingi zimepinda kwa kubanwa kupita kiasi, na hapo tena hewa inaibwa. Inyooshe, weka gasketi mpya juu na chini ya boksi, bana kwa 16 hadi 20 Nm.

Mnara wa jeti kuu wa P150X ya kiwandani unasomeka, kutoka juu, 160 (jeti ya hewa), BE3 (bomba la kuchanganyia), 100 (jeti kuu yenyewe). Ukifunga 177 anza na jeti kuu ya 112 au hata 115, kisha shuka hatua kwa hatua. Kushuka kutoka juu kunakugharimu plagi iliyolowa. Kupanda kutoka chini kunakugharimu pistoni. Kwenye kifuniko cha chujio toboa tundu la mm 8 juu ya mnara wa jeti kuu na la mm 5 juu ya jeti ndogo. Ni kazi ya dakika tano, inasaidia kabureta kupumua, na inataka jeti kuu ipande kidogo.

Kusoma plagi kunafanywa hivi. Weka plagi mpya. Pasha injini. Kwenye eneo lililofungwa, vuta mafuta yote katika gia ya tatu au ya nne kwa sekunde kumi hivi, kisha kwa mpigo mmoja zima umeme na ushike klachi. Usifunge mafuta kwanza ukaja kuzima taratibu. Plagi itakusomea habari za mwendo wa chini. Ngozi nyeupe ya porselini ikiwa ya chokaa, petroli ni haba, panda saizi mbili na usirudie mpaka ubadilishe. Rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, uko sawa. Nyeusi na ya maji, shuka saizi mbili.

Jeti ni ya mahali ilipopimwa. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo inataka jeti ndogo, mara nyingi saizi nne hadi sita chini ya ile ya pwani. Skuta iliyosetiwa Nairobi ikapakiwa kwenye lori hadi Mombasa na kuvutwa mafuta yote bila kubadilishwa jeti, itanoki. Upande wa pili, ya Dar es Salaam ikipelekwa Arusha itakohoa na kuloweka plagi, lakini itarudi salama.

Petroli ichanganywe na oili ya mipigo miwili kwa mililita 20 kwa lita. Tangi la kwanza la silinda mpya weka 30. Usidhani oili nyingi ni ulinzi mkubwa: oili inachukua nafasi ya petroli ndani ya jeti, kwa hiyo ukizidisha mno unaukausha mchanganyiko uleule uliotaka kuulinda. Mpira wa petroli usiwe mrefu hadi ukapinda. Hewa inakaa kwenye mpindo na injini inakata katikati ya mzunguko. Na kama inakata baada ya dakika kadhaa kisha inawaka ukifungua kifuniko cha tangi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba.

Ekzosi ya kiwandani haina aibu ikiwa safi. Ya zamani imejaa kaboni. Ichome ndani kwa moto hadi ukoko ukauke, igonge, umwage. Za kununua ziache hadi mengine yote yaishe.

Breki, tairi, uzito

Hapa pesa huleta sekunde kwa urahisi kuliko kwenye injini. Viatu vya breki vya dramu vinapokaa vinang'aa kama kioo. Visugue kwa msasa namba 80 hadi viwe vya vumbi, punguza kidogo ukingo wa mbele ili visipige kelele wala kunasa, na pini zinazovisukuma zipake grisi chembe tu. Kebo ya mbele iwe mpya, yenye utando wa plastiki ndani, na ipite bila kona kali. Kebo nzuri yenyewe inaweza kugeuza breki ya PX kutoka ombi kuwa amri.

Tairi ni 3.50-10. Anza na psi 20 mbele na 26 nyuma, kisha rekebisha kwa kutazama ukingo wa tairi baada ya mizunguko kumi: mpira ukiwa umekunjamana hadi pembeni kabisa, ongeza kidogo. Na tahadhari moja ambayo haina mzaha. Rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati tano, na gurudumu zima linashikwa kwenye habu kwa nati nyingine tano. Usifungue nati za kuunganisha rimu kabla ya kutoa upepo wote na kung'oa kijiti cha valvu. Rimu yenye upepo ikiachia, nusu moja inaruka kama kifuniko cha sufuria ya presha.

Nati ya habu ya nyuma ni 90 hadi 110 Nm pamoja na pini yake ya kupasua. Ikilegea, meno ya habu yanasagika na gurudumu linazunguka peke yake.

Kuhusu uzito, toa gurudumu la akiba, stendi, taa, honi, betri kama ipo, boksi la vifaa, indiketa na waya zote zisizohusu kuwasha. Usikate mgongo wa katikati wala ukingo wa sakafu. Kumbuka bodi ndiyo chesi. Usimruhusu mtu apunguze flaiwili kwenye mashine kwa kukisia. Ikivurugika mizani yake itakula beringi ulizonunua, na ikipasuka kwa mwendo iko karibu na kifundo cha mguu wako.

Klachi ikiteleza, kabla ya kununua springi ngumu tazama oili. Gia za PX zinataka mililita 250 za SAE 30 ya kawaida. Oili za magari za kisasa zenye viungo vya kupunguza msuguano zinafanya klachi iteleze hata ikiwa mpya.

Kuifufua na kuipeleka kiwanjani

Iwashe ikae dakika tano, izime ipoe kabisa, mara tatu. Baada ya hapo, injini ikiwa baridi, rudia toku ya hedi. Lita chache za kwanza tembea bila kuvuta mafuta yote zaidi ya sekunde chache, na usishuke mteremko mrefu ukiwa umefunga mafuta huku gia imekamata. Injini hii inapata oili yake kupitia petroli, na ukifunga mafuta unaifunga na oili. Wengi hunoki mwisho wa mstari mrefu ulionyooka, pale wanapofunga ghafla wakiingia kona. Vidole viwili viwe juu ya klachi daima. Ukisikia sauti inakaza na nguvu inazama, bana klachi kabla ya kufikiri.

Weka swichi ya kuzima yenye kamba ya mkononi, ukianguka umeme ukatike. Bolti ya kumwagia oili ya gia itobolewe na kufungwa waya ili isitoke ikamwaga oili kwenye kona ya wenzako. Wakaguzi wengi huanza kutazama hapo. Helmeti nzima ya uso, glavu, buti na jaketi la ngozi ni sehemu ya bajeti, hata kama ni vya mtumba, isipokuwa helmeti: hiyo usinunue iliyokwishaanguka.

Kwenye kiboksi cha kiwanjani beba plagi tatu, jeti saizi mbili juu na mbili chini ya uliyofunga, kebo ya klachi na ya mafuta zikiwa na pini zake, funguo ya nusu mwezi moja, tyubu moja, filagauji (vibamba vya kupimia nafasi ndogo) na kitambaa safi. Ukimaliza siku, funga koki ya petroli na uache injini ijizime yenyewe kwa kumaliza petroli iliyo kwenye kabureta. Ikikaa humo wiki mbili, petroli inakauka, oili inabaki kama gundi, na jeti ndogo ndiyo ya kwanza kuziba.